Siku tisa nikiyafuata maneno ya Jon Fosse: Oslo, Bergen, Hardanger na Stavanger

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi Mombasa. Daftari lililorowa mvua ya Bergen limekauka, kurasa zimejikunja kama majani ya mgomba, na kwenye simu nina picha zaidi ya mia nne. Wenzangu wa shuleni wameniuliza safari ilikuwaje, gharama zake na njia zake, basi nimeketi kuyapanga siku kwa siku.

Nilikwenda Norwei mwezi wa Septemba 2024 kwa ajili ya mwandishi mmoja, Jon Fosse, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2023, miaka miwili baada ya Abdulrazak Gurnah wetu wa Unguja. Kitabu chake cha kwanza kunifikia kilikuwa kile kidogo cha mwaka 2000, *Morgon og kveld*, yaani asubuhi na jioni, nami nilikisoma kwa Kiingereza. Mwanzoni mvuvi Olai anangojea mkewe ajifungue. Kisha unafungua ukurasa, na yule mtoto Johannes ni mzee. Anaamka na mwili mwepesi, hana pa kumuuma, anatelemka pwani na kumkuta rafiki yake Peter, ambaye alikwisha kufa zamani. Nilikimaliza usiku mmoja. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Mtwapa, na sijapata kusoma habari ya kifo cha mvuvi iliyoandikwa kwa upole kama ule.

Jambo la pili lililonivuta ni lugha. Wanorwei wana maandishi ya namna mbili. Moja ni bokmål, ya walio wengi, iliyotokana na Kidenishi cha watawala wa zamani. Nyingine ni nynorsk. Hii aliitunga Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, ambaye miaka ya 1840 alizunguka vijijini akikusanya lahaja, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Bunge lilizipa lugha hizo haki sawa mwaka 1885, lakini leo anayeandika nynorsk ni kama mmoja kati ya kumi. Fosse ameandika kila kitu kwa hiyo. Mimi nimezaliwa Kuze, mtaa wa Mombasa, kwetu husemwa *ndoo* pahali pa njoo, *ndia* pahali pa njia, *mato* pahali pa macho. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa na ya mshairi Muyaka, kimebaki cha mashairini na barazani. Nimefundisha Sanifu miaka ishirini na sita, nami nimesahihisha *ndia* za watoto kwa kalamu nyekundu. Nilitaka kuona nchi ambayo mtu ameandika kwa *ndia* zake mpaka Stockholm, inakotolewa Nobel.

Kuhusu viza: ombi hupelekwa Nairobi kwa miguu yako mwenyewe, kwani alama za vidole huchukuliwa huko. Treni ya Mombasa–Nairobi daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi kina ada yake juu ya hiyo. Barua yangu ya mwajiri ilirudishwa kwa kukosa muhuri, nikapoteza wiki nzima. Kagueni mihuri kabla ya kupanda treni.

Jumamosi, 7 Septemba. Oslo

Niliruka kupitia Addis Ababa. Uwanja wa ndege wa Oslo una treni za aina mbili za kwenda mjini. Ya haraka ni bei karibu mara mbili, na tofauti ni dakika chache tu. Chukua ya kawaida, mimi nililipa krona 125 hivi. Krona moja ilikuwa kama shilingi 12 zetu, basi piga hesabu kwa kumi na mbili kila unapoona bei, na kahawa ya krona 45 utaijua mapema.

Mpwa wangu anaishi Oslo mwaka wa nane, ni muuguzi. Alinipikia wali wa nazi ya kopo na samaki. Nililala kwenye kochi lake, na kwa hivyo Oslo haikunigharimu malazi.

Jumapili, 8 Septemba. Nyumba ndani ya bustani ya mfalme

Bustani ya kasri la mfalme haina ukuta wala mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Watu wanapita na vigari vya watoto. Pembeni, upande wa Wergelandsveien, kuna nyumba iitwayo Grotten, imejengwa juu ya mwamba na miti imeizunguka. Mshairi Henrik Wergeland aliijenga mwaka 1841. Baadaye dola iliinunua, ikawa makao ya heshima ya msanii mmoja kwa maisha yake. Kabla ya Fosse alikuwamo mtunzi wa muziki Arne Nordheim, na Fosse alikabidhiwa mwaka 2011.

Tulisimama upande wa pili wa njia. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, umetoka Mombasa. Piga hodi."

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya hodi. Mtu ambaye ameandika maisha yake yote juu ya kukaa kimya, kumgongea mlango Jumapili asubuhi ni kumdhulumu. Tena hakai hapo tu. Ana nyumba kaskazini mwa Bergen, na nyingine Hainburg, mji mdogo wa Austria kando ya mto Danube. Siku Nobel ilipotangazwa, tarehe 5 Oktoba 2023, simu ya Stockholm ilimkuta akiendesha gari mashambani huko upande wa Bergen. Nilipiga picha moja ya miti, tukaenda zetu.

Jumatatu, 9 Septemba. Treni ya Bergen

Tiketi nilinunua mwezi mmoja kabla, krona 549. Ukingoja siku yenyewe utalipa karibu mara mbili. Kaa upande wa kushoto ukielekea Bergen, maana maziwa na mabonde mengi yako upande huo.

Reli hii ilifunguliwa mwaka 1909, na kituo cha juu kabisa ni Finse, mita 1,222 juu ya bahari. Kabla ya Finse miti yote inakwisha. Yanabaki mawe, maji meusi, na mabaka ya theluji ya mwaka jana. Tulisimama pale karibu dakika arobaini kwa hitilafu ya taa za njia. Hakuna aliyelalamika. Hakuna hata aliyenyanyua kichwa.

Karibu nami alikaa bibi wa Oslo aliyekuwa akifuma soksi. Tuliposimama alifungua mkebe, akanikatia nusu ya mkate wake wenye jibini ya kahawia, tamu kama maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakashika chini. Aliniuliza ninakokwenda. Nilipotaja Fosse na nynorsk alivuta uso. Shuleni, alisema, watoto wa Oslo hulazimishwa kujifunza nynorsk, na wote waliichukia. "Ni lugha ya mashambani." Nikamweleza habari ya kalamu yangu nyekundu na *ndia*. Alifuma safu nzima bila kujibu, kisha akasema kwamba mama yake alitoka kijiji cha magharibi, na alipohamia Oslo aliacha kusema kwao hata na wanawe. Hakuongeza neno. Alipoteremka aliniachia ile nusu nyingine ya mkate.

Jumanne, 10 Septemba. Bergen, ambao vitabuni ni Bjørgvin

Mvua. Bergen hunyesha zaidi ya siku mia mbili kwa mwaka, na si mvua ya masika inayomwagika ikapita. Ni ya pembeni, nyembamba, haiishi. Mwavuli hautakusaidia kwa sababu ya upepo. Nunua koti la mpira lenye kofia. Mimi nilipata la mitumba, krona 150.

Hosteli, kitanda kimoja katika chumba cha sita, krona 420 kwa usiku. Ina jiko, nami nilipika viazi na mayai. Mchana nilijipa anasa moja, supu ya samaki yenye krimu karibu na ghati, krona 195. Ina karoti, vitunguu na samaki wa aina mbili, na hutiwa siki kidogo. Kama unatoka pwani yetu utatamani pilipili na ndimu, lakini mwili uliokwisha kuganda utaishukuru.

Fosse alizaliwa Haugesund tarehe 29 Septemba 1959, akalelewa Strandebarm, akaja Bergen kusoma chuo kikuu. Hapa aliandikia gazeti la nynorsk, hapa alitoa riwaya ya kwanza, *Raudt, svart*, mwaka 1983, na hapa alifundisha chuo cha uandishi ambako Karl Ove Knausgård alikuwa mwanafunzi wake. Nilisimama mbele ya Den Nationale Scene, jengo la mawe juu ya kilima kidogo. Humo ndimo tamthilia yake ya kwanza ilipowekwa jukwaani, mwaka 1994. Alikuwa mwandishi wa riwaya asiyependa hata kwenda kutazama michezo, aliandika tamthilia kwa kuwa alihitaji fedha. Na tamthilia hizo ndizo zilizomtangaza kwanza duniani, zikatafsiriwa kwa lugha zipatazo hamsini.

Katika *Septologien*, ile riwaya yake ya sehemu saba iliyotoka kati ya mwaka 2019 na 2021, mchoraji Asle, mjane anayezeeka, huendesha gari kutoka kijijini mpaka Bjørgvin kupeleka picha zake. Bjørgvin ni jina la kale la Bergen. Huko kuna Asle mwingine, mchoraji vilevile, anayekufa kwa ulevi, na Asle wa kwanza anamkuta ameanguka kwenye theluji. Kitabu kizima hakina nukta hata moja. Kila sehemu inaishia kwenye sala, Asle ameshika rozari yake, maneno yanakwenda na pumzi. Fosse mwenyewe aliacha pombe mwaka 2012 na akaingia Ukatoliki. Mimi niliyekulia kwenye uradi wa baada ya alfajiri, babu akihesabu tasbihi na sisi watoto tukisinzia kwenye jamvi, sikuhitaji kufafanuliwa kwa nini mtu arudie maneno yaleyale. Unayarudia mpaka yaache kuwa maneno.

Nilitembea vichochoro vya mbao vya Bryggen, mtaa wa kale wa bandarini, mpaka viatu vikajaa maji. Dukani pa vitabu vya mitumba nilipata *Morgon og kveld* yenyewe kwa krona 120. Muuzaji alikifuta vumbi kwa mkono wa sweta na kukifunga katika mifuko miwili ya plastiki kwa ajili ya mvua.

Jumatano, 11 Septemba. Norheimsund

Basi la kwenda Hardanger hutoka kituo kikuu, chini ya saa mbili mpaka Norheimsund. Tiketi hununuliwa kwa programu ya simu, na kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu. Dereva alinitazama nilivyorowa, akaniashiria nikae. Tulipofika nilitaka kumlipa, akakataa.

Barabara hupanda mpaka nyanda za Kvamskogen, kisha huteremka kwenye korongo la Tokagjelet, mahandaki yamefuatana moja baada ya jingine. Halafu mlima unafunguka na hori linaonekana. Wao huita fjord. Mimi naliita hori, kama tuitavyo mkono wa bahari ulioingia nchi kavu huko Tudor na Mtwapa, ila hili la Hardanger lina kuta za mlima, na ng'ambo yake barafu ya Folgefonna hukaa juu mwaka mzima.

Nusu saa kwa miguu kutoka mjini kuna maporomoko ya Steinsdalsfossen. Njia hupita nyuma ya maji, unasimama chini ya mwamba na mto unaanguka mbele ya uso wako. Hakuna kiingilio.

Maktaba ya mji ni ndogo na ina joto. Nilimwomba mkutubi jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye basi: anisomee kwa sauti ukurasa wa kwanza wa kitabu changu, kwa lafudhi ya kwao. Alishituka kidogo. Akavua miwani, akaivaa tena, akasoma. Nilikuwa nimekisoma mara tano kwa Kiingereza, na siku hiyo ndiyo nilikisikia. Sentensi zinakuja kama mawimbi ya maji kupwa, moja inafika, inarudi kidogo, ya pili inafika pale pale na kupita kidole kimoja. Na lile neno *ja*, yaani naam, lililojaa kila ukurasa! Watu wa huku husema *ja* kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyeshtuka polepole. Vitabuni nililiona kama kigugumizi. Kinywani mwake lilikuwa ni pumzi ya mtu anayekubali jambo zito. Alisoma kurasa tatu. Wazee wawili waliokuwa na magazeti walishusha magazeti.

Nilimwuliza kama hapa watu huandika hivi. Akanionyesha tangazo la maktaba ukutani, barua ya halmashauri, kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Vyote nynorsk. *Eg* kwa mimi, *ikkje* kwa siyo, *Noreg* kwa jina la nchi. Mtoto wa hapa hufundishwa hesabu kwa lugha ya bibi yake. Nilikipiga picha kile kitabu cha hesabu.

Ushauri wa njiani: mwezi huu kando ya barabara kuna vibanda vya matufaha na maji yake, bila muuzaji. Unachukua na kulipa kwa simu, kama M-Pesa, lakini huduma yao haikuikubali namba wala benki yangu ya Kenya. Nilisimama na mfuko wa matufaha mkononi sina la kufanya. Kijana wa baiskeli akasimama, akalipa krona 40 kwa simu yake, akakataa sarafu zangu, akaenda. Bebeni krona taslimu kidogo hata mkiambiwa hazitumiki.

Alhamisi, 12 Septemba. Strandebarm

Basi la kuelekea Strandebarm hupita kandokando ya maji, na safari haifiki saa moja. Abiria tulikuwa watatu, tena wawili walikuwa wanafunzi.

Kijiji ni ghuba, kanisa jeupe la mbao, mashamba ya nyasi yanayopanda mlimani, nyumba zilizoachana mbalimbali. *Foss* kwa Kinorwei ni maporomoko, na jina la ukoo wake limetoka hapo, kwenye mashamba yaitwayo Fosse. Baba yake alisimamia duka la kijiji. Akiwa na miaka saba, siku ya barafu, alitumwa kuchukua sharubati, akateleza na chupa, kigae kikamkata mshipa wa mkono. Damu ilimtoka mno. Akiwa anakimbizwa kwa daktari aliiona nyumba yao kwa mbali kama mtu aliye nje ya mambo yote, kila kitu kimetulia na kinang'aa, naye akajua kwamba anaiona kwa mara ya mwisho. Amesema mara nyingi kwamba tukio hilo ndilo lililomfanya mwandishi. Niliitafuta nuru hiyo mchana mzima. Mvua ilipokatika, kama saa tisa, jua liliingia chini ya mawingu kutoka upande wa bahari, na maji, mawe na madirisha ya mbali vikawaka kwa pamoja dakika kama nne. Nina picha kumi na moja za dakika hizo, na hakuna hata moja iliyoishika.

Pwani kuna mabanda ya mashua, yaitwayo *naust*, milango yake inatazama maji. Hapa watu waliunda mashua kwa vizazi. Mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni pa banda lake. Nilimwamkia kwa Kinorwei changu cha maneno kumi, akajibu kwa Kiingereza kizuri cha mabaharia. Alipofika Mombasa kwa meli ya mizigo, alisema, alikuwa kijana wa miaka ishirini, na alikumbuka harufu ya karafuu na joto la chuma cha sitaha.

Akanionyesha mashua yake. Mbao zao hupandana, ubao wa juu unaukalia wa chini kama vigae, na misumari ya shaba hupita zote mbili. Nilimweleza kwamba zetu hukutana ukingo kwa ukingo, kisha fundi hutia kalafati kwa pamba na mafuta. Nikamchorea daftarini. Alichukua kalamu, akachora mataruma yao chini ya yetu. Mchoro huo ninao.

Ilikuwa Alhamisi, na magharibi mwa Norwei Alhamisi ni siku ya *raspeball*, matonge ya viazi vilivyokunwa na unga wa shayiri, huliwa na nyama ya kondoo ya chumvi. Alinichukua kwake. Nilieleza mapema, kwa haya, kwamba mimi ni Mwislamu na nyama siwezi. Mkewe aliitikia *ja* ile ya kuvuta pumzi, akatoa sufuria nyingine, akanichemshia matonge yangu peke yake na kipande cha samaki, akayamwagia siagi iliyoyeyushwa. Matonge ni mazito. Mawili yanatosha mpaka kesho.

Tukala. Dakika zikapita bila mtu kusema neno. Kwetu mgeni akinyamaziwa mezani ajue amekosea, nami nilianza kutafuta kosa langu. Kisha bwana akasema, "Upepo umegeuka." Mkewe akasema, "Ja." Kimya tena. Baada ya muda bibi akasema, "Kesho hautakuwepo." Bwana akasema, "Hapana." Nikatulia. Katika tamthilia za Fosse neno linaloandikwa kuliko yote ni *pause*, tena kuna pumziko fupi na pumziko refu, na nilidhani ni mtindo wa jukwaa. Nilikuwa nimeketi ndani yake na matonge ya viazi. Kimya kile hakikuwa kinyongo, walikuwa wananikaribisha.

Sikuwauliza habari za Fosse. Walitaka kujua bei ya samaki Mombasa.

Jioni nilirudi pwani. Katika riwaya yake *Det er Ales*, mwanamke Signe amelala kwenye benchi akitazama dirisha ambapo miaka mingi nyuma, Novemba 1979, mumewe aliaga akaingia horini kwa mashua ndogo, asirudi. Anamwona akitoka, anajiona mwenyewe akingoja, anawaona wazee wa mumewe vizazi vitano nyuma wakipita sebuleni. Kule kwetu Mtwapa nawajua wanawake watatu wenye dirisha la namna hiyo. Nilikaa mpaka giza likaingia juu ya maji, na giza la huko huanzia chini, majini, milima bado ikiwa na mwanga.

Wale wazee walinipa chumba cha mtoto wao aliyehamia mjini. Malipo walikataa. Niliwaachia kanga niliyokuwa nimembebea mtu mwingine.

Ijumaa, 13 Septemba

Nililikosa basi. Ratiba ina safu ya siku za shule na safu ya siku nyingine, nami nilisoma isiyo yangu. Angalieni alama ndogo zilizo juu ya saa, na muulizeni mtu wa hapo, kwa maana likikupita jingine huenda ni la jioni. Nilisali adhuhuri gatini peke yangu badala ya Ijumaa ya jamaa, nikaanza kutembea. Mama mmoja mwenye gari la mizigo alisimama bila kupungiwa, akanifikisha Norheimsund. Bergen niliingia usiku.

Jumamosi na Jumapili, 14 na 15 Septemba. Stavanger

Basi la pwani, mwendo wa saa tano hivi, krona 500 na ushei, bei ya mapema. Barabara huingia kwenye feri mara mbili, na kati yake kuna handaki linalozama mita 260 chini ya bahari. Unasikia masikio yakiziba. Kwenye feri shukeni garini mpande juu, kuna mikate ya moto. Mtu wa Likoni atashangaa jinsi watu wanavyoshuka bila kusukumana.

Nilikwenda Stavanger kuziona picha za Lars Hertervig, mchoraji anayesimuliwa katika riwaya ya Fosse iitwayo *Melancholia*. Alizaliwa mwaka 1830 kisiwani Borgøya, katika familia maskini ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, akapelekwa Düsseldorf, Ujerumani, kusomea uchoraji. Riwaya inaanzia huko mwaka 1853: amelala kitandani na suti yake ya mahameli, anaogopa kwenda kazini asije akaambiwa hajui kuchora, na anampenda Helene, binti wa nyumba aliyopanga. Kurasa nyingi akili yake inazunguka pale pale, na ukisoma nawe unazunguka. Alirudi nyumbani mgonjwa, akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gaustad mwaka 1856, kisha akaishi Stavanger kwa kusaidiwa na mji mpaka alipofariki mwaka 1902. Hakuwa na fedha za turubai. Alichora juu ya karatasi za kufungia tumbaku, akizigundisha pamoja.

Jumba la sanaa liko kando ya ziwa Mosvatnet. Niliingia Jumapili asubuhi, na chumbani hakukuwa na mtu. Picha za karatasi ni ndogo kuliko nilivyodhani. Maungio ya karatasi yanaonekana, yamepita katikati ya anga, na mawingu yamechorwa juu yake bila kuyaficha. Miti ya misonobari imekufa nusu, mizizi juu ya jiwe, na nyuma yake mwanga wa njano ambao ningeuita wa kubuni kama nisingekuwa Strandebarm Alhamisi saa tisa. Mlinzi wa chumba aliniletea kiti. Nilikaa saa moja na nusu.

Kutoka hapo ni treni, ndege, Addis Ababa, nyumbani.

Kwa wanaotaka hesabu: ukiacha ndege na viza, safari nzima ilinila krona 4,300, karibu shilingi 52,000, kwa kuwa usiku mwingi nililala kwa watu. Bila hao ongezeni nusu yake. Septemba ni mwezi mzuri, matufaha yameiva na wageni wamepungua. Vitabu vya nynorsk nunueni Bergen.

Usiku wa kwanza niliporudi nyumbani nilianza kuutafsiri ukurasa wa kwanza wa *Morgon og kveld*. Niliuanza kwa Sanifu, nikaufuta. Nikauanza tena kwa Kimvita, na kila palipotaka *ndia* nikaiandika *ndia*. Asubuhi nilimsomea mama, ana miaka themanini na mbili, alikuwa anachambua mchele. Nilisoma polepole: Olai yuko jikoni, mkunga anaingia na kutoka, maji yanachemshwa. Nilipofika mwisho wa nilichoandika, nikanyamaza.

"Na mtoto kazawa?"

"Bado, mama."

Akapeta mchele. "Basi kaandike."